Kanda ya Turki Tuliyoizima Mapema

Wasikilizaji wapendwa, assalaamu alaykum. Mnaemsikia ni Kazija binti Jecha, na leo nazungumza nanyi nimesimama. Kiti kipo, nimekisukuma ukutani. Tangu asubuhi situlii. Nimekunywa chai nusu kikombe, nimetoka, nimerudi, nimeisahau. Fundi mitambo wangu kaniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Nina mtu wa kumzungumza, na sijui pa kumwanzia.

Basi nianze na jina. Turki bin Nassor. Mzaliwa wa Pujini. Fundi wa mafriji, Chake Chake. Ametutoka mwezi uliopita, siku ya Alkhamis, nyumbani kwake Pujini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wenu mlimjua kwa mafriji. Wauza samaki wa Wambaa walimjua, wauza juisi wa Chake walimjua, na watoto wa mtaani walimwita Mjomba Baridi. Alikuwa akija na pikipiki yake, mkoba wa spana mgongoni, na kabla hujamaliza kumweleza friji lina nini yeye keshalifungua. Hakukaa. Ukimpa kiti anakiwekea spana. Bi Mgeni, mjane wake, aliyeko edani hivi sasa, kanieleza hivi: "Miye nimeishi na ntu ambaye hata kula alikuwa anakula akizunguka. Ukimwambia Turki kaa, anacheka, kisha hakai."

Huyo ndiye Turki fundi. Lakini wasikilizaji wapendwa, kuna Turki mwengine, na huyo hamumjui. Turki mwimbaji. Turki wa gita la besi. Turki aliyetoa albamu nzima huko Uingereza, yeye na wenziwe watatu, mwaka 1989. Nasema tena, albamu nzima. Muziki wenyewe wanauita roki ya gothiki. Ni muziki wa watu wanaovaa nyeusi juu mpaka chini na kujipaka poda nyeupe usoni. Unakwenda polepole, mzito, na anayeimba anaimba kwa sauti ya chini sana, kama anazungumza ndani ya pipa.

Mnacheka. Chekeni, hata yeye alikuwa akicheka.

Turki alizaliwa katika nyumba ya watu wenye mashamba. Babu yake alikuja kutoka Oman, na karafuu za mzee yule zilikuwa zinaanzia nyuma ya msikiti. Alipokua Turki, mashamba yale yalikuwa yameshagawiwa na kilichobaki ni kipande, lakini kazi ilikuwa ileile. Msimu ukifika, nyumba nzima karafuu. Asubuhi kuchuma, alasiri kuchambua, na zilizochambuliwa zimetandazwa juani juu ya majamvi, na mvua ikidondoka nyumba nzima mbio kuzianua. Turki hakuipenda kazi ya kuchambua kwa sababu ni kazi ya kukaa. Mwaka 1983 akaondoka. Alikwenda kwanza Muscat kwa wajomba, kama walivyokwenda wengi, na Muscat nako akashindwa kutulia. Akaishia Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini, akifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Huko ndiko alikokutana na hao wenziwe.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa vijana, kwa sababu bila ya hili hamtaelewa kitu.

Zamani zile simu haikuwa ya kila mtu. Mama yake Turki, Bi Umkulthum, Mola amrehemu, alikuwa msomi wa Kurani, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Kwa hiyo sisi huku tulikuwa tunatumiana kanda. Mtu akiwa Muscat au Dubai au Ulaya, anachukua kanda, anazungumza humo: mama hujambo, mimi sijambo, mpe salamu fulani. Kanda inapewa msafiri. Ikifika, mama anaita majirani, redio ya kaseti inawekwa uani, watu wote wanasikiliza. Kisha kanda ileile ndiyo inayorudi na majibu. Hainunuliwi mpya. Mnazungumza juu ya maneno ya mwenzenu, ya kwake yanafutika, yenu yanakaa. Hakuna aliyeona vibaya. Ndivyo ilivyokuwa, kanda moja inakwenda na kurudi mpaka inachakaa.

Nasema tena, majibu yanarikodiwa juu ya kanda ileile. Likamateni hilo.

Mwaka huo wa 1989, msimu wa karafuu, kanda ya Turki ikafika Pujini. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, nimekuja na mama yangu kuchambua. Tulikuwa uani baada ya sala ya alasiri, tumekaa juu ya majamvi, vikonyo vya karafuu vimetuganda vidoleni. Bi Asya, dada yake mkubwa Turki, ndiye aliyeipokea kanda. Ndani ya kasha mlikuwa na picha. Turki kavaa koti jeusi refu, uso mweupe pe, macho kayatia wanja. Picha ikazunguka. Kwenye wanja hapakuwa na neno, wanaume wa kwao hutia wanja sikukuu. Ile poda ndiyo iliyowatia watu wasiwasi. Bi Umkulthum aliitazama picha, akasema, "Mbona kama kaoshwa?"

Alikusudia kuoshwa maiti.

Bi Asya akatia kanda kwenye redio. Tulikuwa tunangoja assalaamu alaykum. Tulikuwa tunangoja mama hujambo. Kanda zote za Turki zilianza hivyo. Hii ikaanza na upepo. Baada ya upepo, kengele. Baada ya kengele, ngoma moja nzito, polepole, na kitu kikinguruma chini yake. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, inavuta maneno tusiyoyajua.

Bi Umkulthum akaacha karafuu.

"Asya, ndiye Turki huyo?"

"Ndiye, mama. Sauti yake."

"Mbona anaugua?"

"Labda anaimba, mama."

"Huko ndiko kuimba? Ntoto ana maumivu. Sikiliza! Sikiliza anavyougua!"

Wimbo wa kwanza ulipokwisha Bi Umkulthum alikuwa analia. "Zima, Asya. Zima, n'nakuomba. Siwezi kumsikia vile." Bi Asya akazima. Wimbo mmoja tu, wasikilizaji wapendwa. Albamu ilikuwa na nyimbo nane, na uani pale ulisikilizwa mmoja.

Nami mnataka kujua niliuonaje? Mbaya! Wakubwa waliogopa, mimi sikuogopa. Niliuona mbaya tu. Nilidhani redio imeingia maji.

Ijumaa iliyofuata akachinjwa mbuzi. Akaja shehe na wanafunzi wa chuo cha Kurani, Turki akasomewa khitma ya kumwombea afya. Na baada ya kisomo, kama desturi, majibu yakarikodiwa. Kanda za nyimbo za kununuliwa dukani, kama hiyo ya Turki, zilikuwa na vitundu viwili juu ili zisirikodiwe. Bi Asya akavibandika karatasi. Bi Umkulthum akaivuta redio karibu, akaanza kuzungumza. Nilikuwepo, nayakumbuka.

"Turki mwanangu, tumekusikia unavyougua. Tumekusomea, na Mola ndiye mponyaji. Rudi nyumbani. Na ukipona tuletee kanda ya sauti yako mwenyewe. Hino ya ugonjwa, mwanangu, usituletee tena."

Akasoma Yasini yote. Akasoma na dua. Upande wa kwanza ukajaa, wakageuza wa pili. Majirani nao wakatoa salamu zao, kila mmoja kwa zamu. Kanda ikapewa msafiri, ikarudi Uingereza.

Fikirini, wasikilizaji. Mtu katengeneza albamu na wenziwe, ndiyo ya kwanza maishani mwake. Nakala moja kaipeleka kwa mama yake. Imerudi, anaitia kwenye redio, na humo ndani hayumo tena. Yumo mama yake anamsomea Yasini.

Bi Mgeni nilimuuliza, mumewe alisemaje? Kasema: "Alin'ambia alicheka mpaka machozi. Halafu akasema, Mgeni, machozi yale hayakuwa ya kicheko yote."

Turki hakuleta muziki tena. Mama kakataza. Kanda zilizofuata zote zilikuwa fupi: mama hujambo, mimi mzima, sina ugonjwa. Mama hakuamini. Kila Ijumaa alikuwa anamsomea, na kila Ijumaa alikuwa anamsomea dua ya mgonjwa. Bi Umkulthum alifariki mwaka 1998, Turki hakuwahi kufika. Bendi nayo ilikuwa imeshavunjika. Turki akajifunza ufundi wa mafriji, na mwaka 2007 akarudi kwetu kwa jumla, hakuondoka tena. Gita hakuja nalo. Akaoa, akafungua karakana yake Chake, na habari ya albamu haikuzungumzwa. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema. Nami nilikuwa nikimpelekea friji langu, ananitengenezea, tunazungumza gesi na kompresa.

Sasa kilichobadilika ni kipi? Manar, binti yake Bi Asya, anaishi Dar es Salaam. Mwaka jana akaiona albamu ya mjomba wake kwenye mtandao. Imetolewa upya huko nje. Vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa wanaisikiliza, wanaandikiana, wanauliza huyu mwimbaji yuko wapi. Yuko wapi! Yuko Wambaa, kalala chini ya friji la samaki. Manar akamletea mama yake kwenye simu.

Bi Asya akafungua. Akasikia ule upepo, akasikia ile kengele, akafunga.

Haukupita muda Turki akaanza kuumwa, safari hii kwa kweli. Kifua. Pikipiki kaiacha. Mtu asiyekaa sasa analazwa, na kulala hakujui. Bi Asya alikuwa anakwenda kila siku kumtazama, na siku moja Turki akamwambia jambo. Haya nimeyapata kwa Bi Asya mwenyewe, kayasema hapa studio.

"Akaniuliza, Asya, wale wa uani siku ile, nani yuko hai? N'kamwambia, mie na Kazija wa redio, tena Kazija alikuwa ntoto. Akasema, basi wewe. Manar kakuletea, n'najua. Isikilize yote, mpaka wimbo wa mwisho, kisha n'ambie umeionaje. Ukiiona mbaya sema mbaya. Lakini isikilize yote."

Hilo ndilo alilolitaka, wasikilizaji wapendwa. Nalirudia. Mtu mmoja wa uani pale, mmoja tu, aisikilize albamu yote, amwambie kaionaje.

Bi Asya akamjibu, "Karafuu ziko nje, Turki. Msimu huu zimezaa. Zikisha n'takaa n'isikilize."

Mnajua msimu ulivyokuwa. Karafuu zilikuwa nyingi, hakuna aliyepata pa kupumua. Turki akamuuliza mara ya pili. Bi Asya akasema bado. Mara ya tatu hakuuliza kwa maneno. Alimtazama tu, na Bi Asya akajifanya anatengeneza shuka. Alkhamis ile Turki akafa, na dada yake alikuwa hajaisikiliza.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukaa kwenye kiti.

Baada ya kuanua matanga Bi Asya akanipigia simu. "Kazija, miye peke yangu siwezi. Nawe ulikuwepo. Tuisikilize pamoja." Nikamwambia njoo studio. Wapo waliokasirika. Mzee Haroub, binamu yao, alinijia mlangoni na fimbo yake. "Maiti huombewa dua, Kazija. Magita ya nini?" Nikamwambia, "Mzee wangu, dua tumeomba na tutaomba. Haya si ya Turki, haya ni ya Asya." Akanitazama, akasema, "Basi msiiweke hewani." Nikampa ahadi, na ahadi hiyo ninaitimiza. Leo hamtausikia muziki huo hapa. Mtasikia maneno tu.

Bi Asya kaja Jumatatu asubuhi. Nikampa hedifoni, nami nikavaa zangu. Manar alikuwa ameshatutafsiria maneno, nikawa namsomea Bi Asya kila wimbo unapoanza.

Wa kwanza, ule wa uani. Bado anaugua. Siwadanganyi, anaugua! Bi Asya aliushika ukingo wa buibui akaukunja, akaukunjua. Lakini hakuzima. Wa pili ni wa chumba cha kufulia, mashuka ya wagonjwa, mashine zinazunguka na yeye hajui nani aliyelalia nini. Hapo lile besi likaanza kunifika. Ni lake mwenyewe Turki, ndilo linalotembea chini ya kila kitu, halitulii, na nikasema moyoni, ndiye huyu, ndiye Mjomba Baridi na pikipiki yake. Wa tatu siupendi. Sikuupenda Jumatatu na siupendi leo. Gita linalia kama mlango uliokosa mafuta, na maneno hayana maana hata ukiyatafsiri mara mbili. Nimeusikiliza mpaka mwisho kwa sababu niliambiwa yote. Wa nne umepita, sikuushika.

Wa tano.

Wa tano unaanza na mvua. Mvua ya kweli, wameirikodi. Turki anaimba polepole, na maneno yake kwa Kiswahili ni haya: hapa mvua inanyesha kila siku, na hakuna anayekimbia. Hapa mvua inanyesha, wala hakuna cha kuanua. Anarudia, anarudia. Mimi niliwahi kukaa bara miaka kadhaa kwa ajili ya masomo. Nilijua anasema nini. Nyinyi mliokaa mbali na Pemba mnajua. Mvua inapiga bati, wewe umeshainuka, miguu inataka kwenda, halafu unakumbuka huna karafuu nje. Unarudi kukaa, na unakaa kwa shida.

Kisha ngoma ikabadilika. Ikaanza kwenda mbio. Siyo ngoma ya mzungu ile, ni miguu. Ni nyumba nzima inakimbia uani. Na juu ya miguu hiyo Turki akaacha Kiingereza, akaacha na ile sauti ya ndani ya pipa. Akapiga ukelele wa sauti ya juu, sauti ya mwanamke, kwa Kipemba chetu:

"Anueni! Mvua hino! Anueni, nyiye! Turki, shika jamvi!"

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa Bi Umkulthum. Turki ndiye aliyekuwa anapiga kelele, lakini alikuwa Bi Umkulthum mtupu, na ile namna yake ya kulivuta neno jamvi. Mtu aliyefika uani pale mara moja tu asingekosea.

Bi Asya aliinuka. Hakufikiri, aliinuka. Waya wa hedifoni ukamvuta, hedifoni zikaanguka, na yeye alikuwa ameshafika mlangoni, mikono mbele, tayari kubeba. Akasimama. Akaangalia mikono yake. Nje jua lilikuwa linawaka.

Nikamshika, tukasimama hivyohivyo.

Wimbo huo ulikuwemo kwenye kanda ile. Ulikuwa wa tano. Sisi tulizima wa kwanza. Na Ijumaa iliyofuata Bi Umkulthum akakaa juu ya jamvi, akazungumza kwenye redio, na kwa mkono wa binti yake na sauti yake mwenyewe akajifuta.

Naona fundi mitambo ananionesha saa. Sawa. Makiwa nitayatoa sasa hivi, kwa sababu baada ya maneno ya Bi Asya sitakuwa na la kuongeza. Bi Mgeni, uliyeko edani, makiwa. Bi Asya, makiwa. Manar, Mzee Haroub, jamaa wote wa Pujini na wa Muscat, makiwa. Na kwa hao watatu wa bendi, popote walipo kama wako hai, makiwa nao, wamefiwa. Mola amsamehe Turki bin Nassor, amsamehe na mama yake, awakutanishe penye kheri.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kidogo. Pengine nyumbani kwako yupo mtu aliyekupa kitu chake ukitazame. Kakuimbia, kakushonea, kakupikia, kakusomea. Umemwambia baadae. Kitazame leo. Si lazima ukipende. Mwambie ulivyokiona na yeye akiwa anasikia.

Tuliisikiliza albamu yote, zote nane. Ilipokwisha Bi Asya akaniomba kipaza sauti. Akasema ana jibu la mtu. Nilimrikodi, na hivi ndivyo alivyosema.

"Turki, ni miye Asya. Uliniuliza nimeionaje. Nimeisikiliza yote. Wa kwanza mbaya. Wa tatu mbaya zaidi, na Kazija kasema hivyohivyo. Wa mwisho ule mzuri, ule wa polepole. Wa tano, mama yumo. Turki, mama yumo! Kwa nini hukusema? Kwenye kanda hukusema, umerudi hukusema, umelala kitandani ukaniomba niisikilize na hukusema. Ungesema neno moja tu kama mama yumo, n'ngeziacha karafuu zikaoza. Mama kafa akikusomea dua ya mgonjwa. Kila Ijumaa, Turki. Na wewe ulikuwa mzima. Ulikuwa umemkumbuka tu."

Nikadhani kamaliza, nikanyoosha mkono nizime. Akaushika mkono wangu.

"Usizime," akaniambia. "Nirejeshee wa tano."